Vuta Mkanda Kwanza



Siku moja tulitembelea karakana ya jamaa moja mjini Kericho. Baba na wanawe wawili hutengeneza akala kwa magurudumu makuukuu ya magari: hukata soli kwa kisu kikali, hupitisha mikanda, kisha hupigilia misumari.

Mama mmoja, mkulima wa chai, alikuwa akingojea jozi yake. Kijana alipomkabidhi, mzee akaichukua, akaivuta mikanda kwa nguvu. Mmoja ukang'oka.

"Mwanangu," akasema, "mvua hapa hunyesha karibu kila alasiri. Mama huyu atateremka kwenda kituo cha chai, kikapu kizito mgongoni. Mkanda ukikatika, ataanguka nani, wewe au yeye?"

Kijana akainamisha kichwa, akaanza upya. Mama akangoja tena, wala hakunung'unika.

Tulirudi nyumbani kimya. Kwani sisi nasi tu mafundi. Watoto wetu twawavisha viatu vya safari ya maisha: sala ya jioni, maneno ya kweli, kielelezo chetu wenyewe. Mara ngapi twapigilia haraka haraka, tukitumaini vitashika?

Musa aliwakumbusha Waisraeli kwamba kwa miaka 40 jangwani viatu vyao havikuchakaa. Mungu wetu hafanyi kazi ya kulipua.

Basi, leo tuivute mikanda kabla mtoto hajafika kwenye utelezi. Iliyolegea tuianze upya, hata kama tumechelewa.

Bwana atusaidie. Amina.