NCHI NDOGO NA MUUNGANO
Mazungumzo kwa wakaaji wa Makadara, Nairobi



Mtaa wa Makongeni, hapa Makadara, ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Zamani hizo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Sababu moja kubwa ilikuwa mgawanyo wa faida: viwanda vingi vilikuwa Kenya, na wenzake wakanung'unika kwamba wao ni wanunuzi tu.

Basi kwa nini Rwanda na Burundi, nchi ndogo, ziliingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007? Jibu ni bahari. Hazina pwani, mizigo yao hupita katika nchi za jirani kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Aliye nje ya baraza hana neno juu ya kanuni za njia anayoitumia. Katika Bunge la Arusha kila nchi, kubwa kwa ndogo, huchagua wajumbe 9.

Lakini kiti peke yake hakitoshi. Mwaka 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa hata 2022, ingawa Rwanda na Uganda zote ni wanachama, na wachuuzi wa pande zote mbili wakapata hasara.

Kwa hiyo nchi ndogo na iingie, ila kwanza iyasome mapatano vizuri. Jifya moja haliinjiki chungu. Lakini chungu kikiiva, kila mwenye jifya apakuliwe.