Kukomaa na Kuiva



Penye meza za matunda za Biryogo, mtaa wa Kigali uliozoea kufanya biashara kwa Kiswahili miaka mingi kabla lugha hiyo haijawa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mnunuzi huokota parachichi, hulibonyeza kwa kidole gumba, hulirudisha, huchukua la pili. Kidole hicho huuliza kama tunda limeiva. Swali lililo kubwa zaidi, yaani kama lilikuwa limekomaa lilipochumwa, kidole hakiwezi kulijibu.

Parachichi, ambalo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, haliivi likiwa mtini. Mtini hukomaa, likijaza mafuta pole pole. Huiva baada ya kuchumwa. Lililokomaa hulainika baada ya siku kadhaa. Lililochumwa changa hunywea, ngozi yake hukunjamana, na nyama yake huwa ya majimaji au ngumu kama mpira. Ukilifukia pamoja na ndizi mbivu utaliharakisha tu. Mafuta ambayo mti haukuyatia hutayapata.

Basi kwa nini huchumwa changa? Mkulima aliyebanwa na karo ya watoto humwuzia mchuuzi mti mzima, na mchuuzi huupukutisha kwa siku moja, ingawa maua yake hayakuchanua siku moja. Tena bei ya mwanzo wa msimu humvuta kila mtu awahi. Mwishoni mwa mwaka 2020 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha kwa muda uvunaji wa maparachichi ya kupelekwa ng'ambo, kwa kuwa shehena changa huharibu jina la wakulima wote, hata wale waliosubiri. Kipimo cha kimataifa cha Codex kinataka nyama ya parachichi la Hass ikikaushwa mpaka uzito usipungue tena, gramu 100 zibakize gramu 21 au zaidi.

Mnunuzi wa jiko la kambi hahitaji maabara. Na atoe machache katika shehena, ayapasue. Ganda la kokwa likiwa jembamba, kavu, la rangi ya kahawia, tunda limekomaa. Likiwa nene na jeupe, ni changa. Rangi ya nje isimdanganye: Hass huiva likawa jeusi, Fuerte hubaki kijani. Atazame na kikonyo. Tunda lililokatwa kwa mkasi likaachiwa kipande cha kikonyo hudumu. Lililong'olewa au kuangushwa chini huanza kuoza pale lilipojeruhiwa.

Ndugu wasikilizaji, kambi hununua kwa magunia, na mnunuzi wa magunia hulifundisha soko. Akiyapokea machanga kwa kuwa bei ni ndogo, amemtunza mchuuzi kwa kosa lake, na askari atabakia na sahani ya kutupa. Akiyakataa, habari itafika shambani kabla ya gari lijalo. Lakini kukataa huko kuwe kwa haki. Mzigo ukataliwe kwa kisu na kokwa, mbele ya mwenye mali, usikataliwe kwa ukali wa gwanda. Asije mtu akaukaripia mzigo mzuri ili aushushe bei. Na lililo zuri lilipwe thamani yake bila kucheleweshwa, maana mkulima anayepunjwa leo, msimu ujao hatasubiri.

Wahenga walisema mstahimilivu hula mbivu. Kwa parachichi, ustahimilivu huo ni wa watu wawili: mkulima angoje likomae, mlaji angoje liive. Wa mlaji ni wa siku chache, na chakula kingine kipo mezani. Wa mkulima ni wa miezi, huku karo ikidaiwa. Anayetaka kula mbivu na ayakumbuke hayo anapohesabu fedha za kumlipa.