Maji Yakipanda, Heroe Atazaa Wapi?



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, leo nataka tuzungumze juu ya ndege. Usicheke, ngoja kwanza unisikilize.

Wamjua heroe, yule ndege wa waridi ambaye wengi wetu twamwita flamingo. Basi umewahi kujiuliza huzaliwa wapi? Si Nakuru wala si Bogoria; huko huenda kula tu. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, karibu wote, huzaliwa mahali pamoja: Ziwa Natron, Tanzania, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu.

Huko, maji yakipungua, matope ya magadi hujitokeza ziwani. Mume na mke huyarundika kwa midomo yao mpaka yakawa kama kichuguu kidogo, na juu yake yai moja. Moja tu! Hulilalia kwa zamu kwa muda wa kama wiki nne. Maji makali ya magadi yanayowazunguka ndiyo ukuta wao dhidi ya fisi na mbweha.

Sasa tazama mizani hii. Maji yakikauka sana, fisi atatembea mpaka kiotani. Yakizidi, hakuna matope ya kujengea. Na yakipanda ghafla baada ya yai kutagwa, yai limekwenda.

Na maji yamezidi kweli. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura. Baringo watu wamehama makwao na shule zimezama. Nakuru maji yalimeza lango kuu la mbuga. Magadi yakazimuka, na ule mwani ambao ndio chakula cha heroe ukapungua. Yaani anabanwa pa kula na pa kuzalia.

Mtu atasema, "Mbona bado wapo wengi?" Ndio, wapo. Lakini heroe huishi miaka mingi, hata kupita 40. Waweza kuona kundi kubwa, kumbe ni wazee watupu. Ni kama mtaa uliojaa watu lakini madrasa haina mtoto. Siku utakayoshtuka, umeshachelewa.

Mvua ni ya Mola, hatuna la kusema. Lakini kuna sehemu ya mikono yetu. Mto Ewaso Nyiro Kusini, unaotia maji Natron, waanzia Mau, hapa hapa Kenya. Msitu ukikatwa, ardhi hainywi tena mvua. Maji huteremka kwa kishindo na udongo wake mpaka ziwani.

Basi ndugu yangu, lile gunia la mkaa ulilonunua kupikia futari, uliuliza limetoka wapi? Anza hapo. Uliza. Kisha panda mti, na umwagilie mpaka ushike, si kupanda kwa ajili ya kupigwa picha. Yule ndege ana yai moja tu, na sisi tumeachiwa amana.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum.