Kuvua na Watoto Bila Kulowa Miguu



Mtoto wa mwambao huanza uvuvi kwenye maji mafupi: mshipi, ndoana, chambo cha nyungunyungu na subira. Wazazi huyaamini maji hayo kwa kuwa hayazamishi upesi. Hata hivyo, humo kwenye matete ndimo waishimo konokono waachiao vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya aliyesimama majini, hasa wakati wa jua kali.

Kwa hiyo familia inayoanza na ivulie juu ya majabali makavu, ambayo Mwanza haikunyimwa, au ndani ya mtumbwi imara, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Upepo ukianza, mtumbwi urudi. Mtoto aliyezoea kuoga ziwani apelekwe kituo cha afya akapimwe kichocho.

Maji mafupi ndiyo pia malezi ya samaki. Sato asiyefikia sentimita 25 haruhusiwi kisheria. Arudishwe ziwani akiwa hai. Mtoto anayezoea kumrudisha sato mchanga hatakuwa mwepesi kushika kamba ya kokoro ukubwani.