Mlima wa Ugali na Kijiko cha Maharage

Mada iliyoandaliwa kwa wakazi wa kata zote kwa ajili ya mikutano ya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji



Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kuilisha Tanzania kwa mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kwamba mikoa hiyohiyo mitatu ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu wa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Iringa ilikuwa na takriban asilimia 57, Njombe na Rukwa takriban asilimia 50 kila mmoja, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Maana yake ni kwamba mahali ambapo ghala hujaa, nusu ya watoto au zaidi ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Udumavu una sababu nyingi. Afya ya mama wakati wa ujauzito imo, maji yasiyo salama na kuhara kwa mara kwa mara vimo, na muda mchache wa mama anayeshinda shambani nao umo. Lakini sababu mojawapo iko mezani kila siku, na ndiyo inayozungumzwa hapa: tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na njaa.

Upande wa pili wa jambo hili huonekana kwa watu wazima. Mwaka 2010, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi nchini Tanzania walikuwa takriban asilimia 22. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 walifikia asilimia 28. Si jambo geni sasa kumkuta mama mwenye uzito uliokithiri na mtoto aliyedumaa ndani ya nyumba moja, wakila kutoka chungu kimoja. Wengi hudhani kwamba mmoja anakula sana na mwingine anakula kidogo. Mara nyingi wote wawili wanakula chakula kilekile chenye kasoro ileile: wanga mwingi na protini haba.

Wanga ndio nishati. Ugali, wali, mihogo, viazi, ndizi na chapati humpa mkulima nguvu ya kushika jembe, na hakuna haja ya kuvionea haya. Protini ni kitu kingine. Ndiyo inayojenga misuli, damu, ngozi na kinga ya mwili, na mtoto hurefuka kwa kuitumia. Mtu mzima mwenye afya njema huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 huhitaji kama gramu 50. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ipatayo gramu 20, na yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa waliokaushwa vizuri huwa na protini inayofikia au kuzidi nusu ya uzito wao, kiasi ambacho nyama nyingi za buchani haziwezi kushindana nacho kilo kwa kilo.

Hapo msikilizaji makini atauliza: je, mahindi hayana protini? Yanayo, kiasi cha gramu 8 hadi 10 katika kila gramu 100. Shida ni aina yake. Protini huundwa kwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, na baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi ni maskini wa amino asidi mbili za namna hiyo, laisini na triptofani. Kipande kimoja kikipungua, vingine vilivyo tele haviwezi kutumika ipasavyo, kama fundi mwenye matofali mengi asiye na saruji. Maharage, kunde, mbaazi na choroko vina laisini ya kutosha, na kile ambacho jamii ya kunde inakikosa mahindi yanacho. Kwa hiyo sahani ya makande, chakula ambacho vijana wengi hukidharau kwa kuwa ni cha bweni na cha msibani, ni mchanganyiko uliokamilika kuliko sahani nyingi zenye bei kubwa. Waliokianzisha hawakuwa na maabara.

Kasoro basi haiko katika ugali wenyewe, iko katika kipimo. Katika nyumba nyingi huonekana mlima wa ugali na kijiko cha maharage pembeni, mchuzi ukiwa wa kulainishia tonge tu. Nyumba hiyohiyo huenda imeuza magunia ya maharage na trei za mayai sokoni wiki iliyopita. Kuuza si kosa, kwani ada na sare hazilipwi kwa maharage. Lakini gunia la mwisho kuuzwa lingestahili kuwa la maharage, na sehemu ya mayai ya banda ingestahili kuhesabiwa kuwa ya watoto kabla mchuuzi hajafika.

Jambo la pili ni unga. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, ganda la nje na kiini cha mbegu huondolewa. Pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta, vitamini za kundi B na madini ya chuma, na protini nayo hupungua. Kinachobaki ni cheupe, laini, na kinakaa muda mrefu bila kuchacha kwa sababu mafuta yametoka. Pumba huenda kwa kuku na nguruwe, ambao kwa hesabu hiyo ndio wanaokula sehemu bora ya hindi. Dona huhifadhi vyote hivyo, na nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia katika damu, jambo lenye uzito kwa mwenye kisukari na kwa anayetaka shibe idumu hadi jioni.

Hata hivyo, dona haifai kusifiwa bila tahadhari. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaozalisha sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika sehemu zilezile ambazo kukoboa huziondoa. Kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika maeneo ya Ukambani, watu 125 walifariki kwa sumu hiyo. Mwaka 2016 ilizuka Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Anayechagua dona hana budi kuchagua pia mahindi safi: yaliyoanikwa juu ya turubai au kichanja na si ardhini, yaliyopembuliwa punje zilizovunjika na zenye ukungu, na kuhifadhiwa mahali pakavu au katika mifuko isiyopitisha hewa. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Chupa kavu ya kioo hutiwa punje za mahindi pamoja na chumvi kavu, hutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yarudi juani. Punje zenye ukungu hazifai hata kwa kuku.

Kwa anayenunua unga dukani, kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji wakubwa nchini kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa mahindi na ngano. Mfuko wa unga huo huwa na alama ya kuonyesha umerutubishwa. Unga wa mashine za mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Sasa kuhusu uzito. Imeenea fasheni ya kuacha ugali na wali kabisa, na wapo waliopungua kwa njia hiyo. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilifuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, na matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Wa mafuta walipungua kilo 5.3 kwa wastani, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti waliihesabu kuwa si ya maana. Makundi yote mawili yalikuwa yameelekezwa kuacha sukari na unga mweupe na kula mboga nyingi. Yaelekea hilo lililofanana lilikuwa na uzito kuliko lililotofautiana, na ndilo linalowezekana kwa mtu anayeishi kwa mahindi.

Protini husaidia hapo kwa njia mbili. Hushibisha kwa muda mrefu zaidi, na mwili hutumia sehemu kubwa ya nishati yake, kati ya asilimia 20 na 30, katika kuimeng'enya tu. Kwa wanga kiasi hicho ni asilimia 5 hadi 10. Kwa hiyo mwenye kuondoa tonge kadhaa za ugali na kuongeza upawa wa maharage hapotezi shibe. Mgawanyo unaofundishwa ni nusu ya sahani mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Mpasua kuni na mlimaji wanahaki ya wanga zaidi ya robo. Karani anayeketi kutwa, na dereva wa daladala, hawana. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Wengi wanaohangaika na uzito huulaumu ugali na kuisahau chai. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, sawa na vijiko 12 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 30. Ongeza vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu na maandazi mawili, na kiwango kimevukwa kabla ya chakula cha mchana.

Yabaki ya watoto, ambayo ndiyo mazito. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kiasi cha kikombe kimoja tu kwa mlo. Akipewa uji mwepesi, kikombe hicho hujaa maji na mtoto hulala akiwa ameshiba. Kuanzia anapotimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya, uji wake uwe mzito wa kutodondoka upesi kijikoni, na ndani yake utiwe kitu cha kujenga: maziwa, karanga zilizosagwa, dagaa safi waliotwangwa wakawa unga, au yai lililoiva na kupondwa. Karanga nzima asipewe, kwani humkaba. Kisamvu kilichoungwa kwa karanga, maharage yaliyopondwa na kipande cha papai au embe vinamfaa pia. Maharage yakilowekwa usiku na maji yake kumwagwa, huiva upesi na hupunguza gesi. Chai isiandamane na mlo, kwa mtoto wala kwa mjamzito, kwa sababu huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula.

Nchini Tanzania, halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ni haki ya mkazi kuuliza katika mkutano wa kijiji fedha hizo zimetumikaje. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo ya mwaka, na watoto hupimwa bila malipo. Utepe wa mkono wenye rangi tatu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, humaanisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Njano, hadi sentimita 12.5, humaanisha afuatiliwe. Lakini utepe huo hupima ukondefu, hauoni udumavu. Mtoto mnene wa mashavu aweza kusoma kijani na bado akawa amedumaa. Kwa hiyo mzazi asiondoke baada ya utepe. Aombe mtoto apimwe urefu kwenye ubao, urefu uandikwe katika kadi ya kliniki pamoja na uzito, na aelezwe mstari wa mtoto wake unaelekea wapi.