Deki ya Bei Chee: Uliza Kwanza

Msikilizaji wetu wa Louisville, Columbus au Buffalo, ukiona deki ya diski imeshushwa bei ghafla, uliza kwanza. Kampuni bado inazitengeneza?

Mwaka 2019 Samsung ilisema haitaleta tena aina mpya za deki za Blu-ray Marekani. Mwaka uliofuata, deki nyingi za Samsung zilizokuwa majumbani zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe. Wenyewe wakalazimika kuzituma zikatengenezwe.

Bei chee si kosa, na video ya harusi ya shangazi lazima ionekane! Lakini uliza kwanza: ikiharibika, nani atairekebisha? Iwashwe hapo hapo dukani. Jaribu diski yako mwenyewe, hasa iliyotoka Goma au Dar es Salaam, uone kama inasomeka. Tunza risiti. Muuzaji akikataa kurudishiwa deki, usinunue.