Mchezo na Lugha ya Maumivu

Neno mchezo katika Kiswahili lina sura mbili. Anayeambiwa asifanye mchezo anakanywa aache mzaha. Lakini bao na vitendawili, vyenye kanuni zisizovunjwa, navyo ni michezo. Maana hii ya pili ndiyo inayohusika pale matabibu wanapotumia mchezo kumvuta mgonjwa kijana.

Mfano ulio wazi ni Pain Squad, programu ya simu iliyobuniwa katika Hospitali ya Watoto ya Toronto, Kanada, na kuelezwa katika makala ya kitaalamu ya mwaka 2013. Vijana wenye saratani walitakiwa kurekodi maumivu yao mara mbili kwa siku, kazi inayochosha hata mtu mwenye siha. Programu ikawapa wadhifa: mgonjwa huingizwa katika kikosi cha polisi kinachoyasaka maumivu, na kadiri anavyokamilisha taarifa hupandishwa cheo. Waigizaji wa tamthilia za polisi za televisheni ya Kanada walirekodi video za kumtia moyo. Katika jaribio la wiki mbili la vijana 14, wastani wa taarifa zilizojazwa ulifikia asilimia 81.

Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha tiba. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, kilichobadilika ni tendo la usemi lenyewe. Mgonjwa akisema “naumwa” analalamika. Askari akisema hayo hayo anatoa taarifa. Tofauti hii si ndogo pale ambapo mtoto husifiwa kwa kuvumilia kimya, kwani tabibu hawezi kukadiria dawa kwa kuusikiliza ukimya.

Anayetaka kuunda programu kama hiyo kwa Kiswahili asianze na orodha ya vivumishi. Kiswahili huyataja maumivu kwa vitenzi, na kiungo ndicho kiima: jipu hupwita, tumbo husokota, kichwa hugonga, kidonda kilichotiwa dawa huchonyota. Neno “maumivu” pekee, likifuatwa na namba, huyafuta yote hayo.

Hata wadhifa wa polisi unahitaji kufikiriwa upya, maana si kila mtoto humwona polisi kuwa shujaa. Kitendawili kinatoa nafasi nyingine: mtoto ndiye mtegaji, tabibu ndiye mteguaji. Na tabibu akishindwa kutegua, kwa kanuni ya mchezo huo, ni yeye anayedaiwa mji.